Gipsy Moth si Tiger Moth

Ikionyeshwa picha ya ndege yoyote kuukuu yenye bawa la juu na la chini, hakosekani mtu wa kusema "Tiger Moth". Sasa imefika hadi kwa Denys Finch Hatton, yule mwindaji wa Kenya: eti alikufa Voi akirusha Tiger Moth. Haiwezekani. Yeye na mtumishi wake Kamau walianguka Mei 1931, na Tiger Moth ya kwanza iliruka Uingereza Oktoba mwaka huohuo. Yake ilikuwa Gipsy Moth.

Moth ni jamii ya ndege nyepesi za kiraia za kampuni ya de Havilland, iliyoanza na DH.60 mwaka 1925: viti viwili, kimoja nyuma ya kingine, bila paa. Maana yake nondo (mdudu, si vyuma vya fundi ujenzi). Geoffrey de Havilland alipenda sana wadudu hao, na mabawa ya ndege yake yalikunjwa kuelekea nyuma kama ya nondo aliyetua, hata ikawezekana kuikokota kwa gari.

Gipsy ni injini, na hapo ndipo watu wanapopotea. Moth za awali zilitumia Cirrus, ambayo Frank Halford aliiunda kwa nusu ya injini ya Renault ya silinda nane, masalia ya Vita vya Kwanza. Masalia yalipoanza kuadimika, kampuni ikatengeneza injini yake, Gipsy, yenye nguvu za farasi zipatazo 100. Kwa Gipsy Moth ndipo shirika la ndege la Wilson Airways lilipoanzia Nairobi mwaka 1929, na kwa Gipsy Moth rubani Mwingereza Amy Johnson alifika Australia Mei 1930.

Tiger Moth ilitengenezwa kufundishia marubani wa jeshi. Kwenye Moth za zamani, wa kiti cha mbele alikaa chini ya tangi la mafuta la bawa la juu. Akivaa parachuti, kuchomoka ilikuwa kazi. Wakalisogeza bawa mbele, kisha wakazirudisha ncha nyuma ili uzito usiyumbe. Injini nayo ikapinduliwa, silinda zikaangalia chini. Mabawa hayakunjiki.

Kwa hiyo tazama pua kwanza. Vichwa vya silinda vikiwa vimechomoza juu na mabawa yamenyooka, hiyo si Tiger. Ukishindwa kutofautisha, sema "Moth" tu; hakuna atakayekukosoa.