Rediolojia ya intavensheni: kwa nini unatumwa "picha" na ushapigwa picha

Shangazi yangu wa Umoja ana faibroidi, ule uvimbe unaomea kwa kizazi, na kwa muda mrefu alikuwa anajua dawa yake ni moja tu, kutolewa kizazi, kwa hivyo alikuwa anakwepa daktari vile watu hukwepa mwenye nyumba tarehe tano. Sasa juzi daktari wa akina mama akamwandikia barua aende rediolojia. Akanipigia simu amekasirika, "Mimi nishapigwa altrasaundi mara tatu, na MRI wakanipeleka, sasa wananirudisha picha ya nini tena? Ama wanataka tu pesa?" Nikamwambia hapana shangazi, hii si kwenda kupigwa picha, hapa unaenda kutibiwa. Akanyamaza, halafu akaniuliza tangu lini mpiga picha akatibu mtu.

Na si yeye peke yake. Hapa Nairobi rediolojia kwa wengi wetu ni ule mlango wa kungoja, unaitwa jina, unavua cheni, unaambiwa vuta pumzi shika hapo hapo, unatoka na bahasha kubwa ya kaki. Anayekupanga kwa mashine ni redioografa, hao ndio wengi wamesomea chuo cha utabibu cha KMTC. Lakini nyuma kuna mtu humwoni, daktari kabisa aliyesomea udaktari kwanza halafu akaongeza miaka ya kusomea picha, huyo ndiye rediolojisti, na ile ripoti unayoletewa ni yeye ameiandika. Rediolojia ya intavensheni, wenyewe hospitalini wanaita tu IR, ni pale huyo daktari anapoacha kuangalia picha peke yake na kuanza kufanya kazi ndani ya mwili akiongozwa na hiyo picha. Yaani badala ya kukupasua ndio aone, anaona kwanza kwa skrini, na anaingilia katundu kadogo.

Picha zenyewe nizipitie haraka. Eksirei ndiyo ya zamani, mwanasayansi anaitwa Röntgen aliigundua Ujerumani 1895. CT ni eksirei inayokuzunguka halafu kompyuta inakukata slaisi kama mkate, mgonjwa wa kwanza aliwekwa kwa hiyo mashine London 1971. Altrasaundi inatumia sauti ambayo sikio halisikii, MRI inatumia sumaku kubwa sana, na hizi mbili hazina mionzi kabisa. Mionzi ndiyo watu huniuliza sana kwa hivyo hesabu ndiyo hii: mtu wa kawaida duniani hupata kama milisivati 2.4 (hicho ndicho kipimo cha mionzi) kwa mwaka kutoka kwa ardhi, hewa na anga bila hata kukanyaga hospitali, eksirei ya kifua ni kama 0.1, CT ya tumbo inaweza kufika 8 au 10. Kwa hivyo eksirei moja isikukoseshe usingizi, lakini CT nayo si kitu cha kuomba omba tu eti niangaliwe.

Sasa turudi kwa IR. Mishipa yako ya damu imeungana yote, si ndio? Ukiingia kwa kinena ama kwa kifundo cha mkono unaeza fika kwa figo, ini, kizazi, hadi kichwani, bila kutoka nje ya barabara. Ni kama matatu ya panya ruti, dereva hana haja ya kubomoa nyumba ya mtu, anajua tu vichochoro vinavyotokea wapi. Namna ya kuingia iligunduliwa na daktari Mswidi anaitwa Seldinger, 1953: unadunga sindano kwa mshipa, unapitisha kawaya kembamba ndani ya hiyo sindano, unatoa sindano unaacha waya, halafu katheta, ambayo ni kamrija kembamba laini, inafuata juu ya waya. Hadi leo ni hivyo hivyo. Halafu 1964, Portland kule Marekani, daktari anaitwa Charles Dotter akaletewa mama wa miaka 82 ambaye mguu wake ulikuwa unaoza kwa kukosa damu na amekataa kukatwa, Dotter akapitisha katheta akapanua ule mshipa uliobana, na mguu ukapona. Kabla ya hapo katheta ya mishipa ya damu ilikuwa hasa ya kupiga picha. Mimi nikisoma hiyo stori naona ni ule ukaidi wa mama ndio uliotuletea hii kitu, angekubali kukatwa sijui ingekuwaje.

Kwa shangazi kazi yenyewe ni hii. Hapewi nusu kaputi, anachomwa ganzi pale wanapoingilia na anapewa dawa ya kumtuliza, so anaeza kuwa anasinzia ama hata anaongea. Katheta inaingia, daktari anaangalia skrini ya eksirei inayotembea kama video, anapiga dawa ya rangi yenye iodini ndio mishipa ionekane nyeusi, anafuata hadi kwa mshipa unaolisha kizazi, upande mmoja kisha upande wa pili. Akifika anaachilia tuchembe tudogo kama mchanga tunaenda kuziba vimishipa vinavyolisha faibroidi. Faibroidi ikikosa damu inanyauka polepole, si kesho, ni miezi, na damu ya mwezi inapungua. Kizazi kinabaki. Mshono hakuna, ni plasta.

Lakini wacha nisiwadanganye ati haiumi. Hiyo siku ya kwanza maumivu ya tumbo yanaeza kuwa makali, mara nyingi unalazwa usiku mmoja juu ya hayo, na kahoma na uchovu siku kadhaa ni kawaida, lakini homa ikipanda sana ama uchafu unanuka urudi hospitali mbio usingoje kliniki. Na si kila faibroidi inafaa, inategemea imekaa wapi na ni kubwa aje, ndio maana MRI ilikuwa ya lazima, haikuwa kula pesa. Kama bado unataka kuzaa hiyo useme mapema, kwa sababu wengine huwa afadhali watolewe faibroidi zenyewe kwa upasuaji.

Na IR si faibroidi tu. Mgonjwa wa dayalisisi, yaani anayesafishwa damu na mashine, ambaye fistula yake ya mkono, pale mishipa iliunganishwa ya kuingizia hizo sindano, imebana, wanaipanua na kabaluni. Mkojo umekwama kwa figo kwa sababu ya mawe ama kansa ya njia ya uzazi, wanaweka mrija kupitia mgongoni mkojo utoke. Nyongo imeziba mtu amekuwa wa manjano, jipu liko ndani ya ini, ama kuna uvimbe unataka kutolewa kinyama kipelekwe maabara, yote hayo sindano inaongozwa na altrasaundi ama CT. Mama anayevuja damu baada ya kujifungua pia wanamzibia mishipa vile vile kama ya faibroidi, kama hospitali iko na hiyo timu karibu.

Ukipelekwa, sema kama una aleji, kama figo zina shida, kama unameza metfomini ya sukari ama dawa ya kufanya damu iwe nyepesi, na kama unaeza kuwa na mimba. Hiyo dawa ya rangi ikiingia utahisi joto mwili mzima, wengine wanaapa wamejikojolea, hujajikojolea. Bei uliza mapema na uulize pia bima inalipa nini kabla ya siku yenyewe, kwa sababu hizo katheta na chembe zinatumika mara moja zinatupwa, na hapo ndipo bili inapandia.

Na beba CD ya picha za zamani, si ile karatasi ya ripoti peke yake, daktari anataka kuona mishipa na macho yake. Ya shangazi tuliitafuta nyumba nzima, kumbe iko kwa droo ya TV katikati ya DVD za kwaya.