Royall House ya Medford: mbao zinazojifanya jiwe

Kazi yangu ni uhifadhi wa majengo ya kale, na nyumba ninayoanza nayo ninapofundisha usomaji wa jengo ni Royall House, iliyoko Medford, karibu na Boston katika jimbo la Massachusetts. Ziko kongwe kuliko hiyo. Fairbanks House ya Dedham, kwa mfano, mbao zake zilikatwa karibu mwaka 1641. Lakini Medford ndipo mahali ambapo nyumba ya bwana na jengo la watumwa wake vimebaki pamoja katika kiwanja kimoja, na hakuna jengo lingine la watumwa, lililosimama peke yake, lililosalia katika majimbo ya kaskazini ya Marekani.

Shamba lenyewe lilikuwa sehemu ya ardhi aliyopewa gavana John Winthrop mnamo 1631. Baadaye likafika kwa mfanyabiashara John Usher, aliyekuwa na nyumba ya tofali hapo, nyembamba, yenye kina cha chumba kimoja tu. Mwaka 1732 Isaac Royall akalinunua, ekari zipatazo 500. Royall alikuwa mzaliwa wa New England, eneo la kaskazini-mashariki mwa Marekani, lakini mali yake aliichuma katika kisiwa cha Antigua, kwa sukari, pombe ya rum na biashara ya watu. Fundi zake walifanya kazi kwa miaka mitano. Hawakuibomoa nyumba ya Usher. Waliinyanyua hadi sakafu tatu kamili, wakaiongezea kina, na tofali za zamani zikabaki ndani ya jengo jipya.

Hapo ndipo ninapowasimamisha wanafunzi kwa muda mrefu. Uso wa mashariki, unaotazama barabara, umevikwa mbao nyembamba zilizopandiana ili mvua iteremke bila kupenya. Madirisha yamepangwa kwa safu zilizonyooka toka chini hadi juu, na kati ya dirisha na dirisha kumewekwa paneli, kwa hiyo jicho linapandishwa juu na nyumba inaonekana ndefu kuliko ilivyo. Mlango uko katikati kabisa, na upande wa kushoto unaujibu upande wa kulia. Huo ndio mtindo uitwao wa Kijojia, uliopewa jina la wafalme wa Uingereza wa wakati huo walioitwa George, na ulinganifu ndio roho yake.

Uso wa magharibi ni kazi ya mwanawe, Isaac Royall wa pili, aliyerithi baba yake alipofariki mwaka 1739. Upande huu ulitazama ua na bustani, mahali wageni waliposhuka. Ukiutazama kwa mbali utasema ni mawe yaliyochongwa, makubwa, yenye mifereji kati ya jiwe na jiwe. Karibia uguse: ni mbao. Seremala amechonga mifereji hiyo kwenye ubao, na pembeni amesimamisha nguzo bapa zinazopanda urefu wote wa nyumba. George Washington alifanya jambo kama hilo kwenye nyumba yake ya Mount Vernon, tena akaamuru mchanga urushwe juu ya rangi mbichi ili ubao uwe na uso wa kukwaruza kama jiwe. Haukuwa ulaghai machoni mwa watu wa zama hizo. Massachusetts ilikuwa na misitu mingi na maseremala hodari, ilhali chokaa ilikuwa adimu na jiwe la kuchonga lilikuwa ghali mno. Hata hivyo naiona tamaa ndani yake: kutaka kuonekana kama mwinyi wa Uingereza, kwa fedha iliyotoka kwenye miwa ya Karibi.

Mwaka 1736 huko Antigua njama ya uasi wa watumwa iligunduliwa, na watu 88 wakauawa, wengi wao kwa kuchomwa moto. Mwaka uliofuata Royall mkubwa akahamia Medford na familia yake, akiwa na watumwa wasiopungua 27. Aliomba hata asamehewe ushuru wa kuwaingiza. Jengo lao liko hatua chache tu kutoka nyumba kubwa, sehemu tofali, sehemu mbao. Chini kulikuwa na jiko lenye meko mapana. Walilala humo, na wengine walilala ndani ya nyumba kubwa, jikoni na karibu na vyumba walivyovihudumia. Kwa miongo minne waliopita hapo walizidi 60. Kila ngazi iliyopigwa deki na kila moto uliowashwa katika vyumba vile vya mbao za nakshi ulipita mikononi mwao. Kwa hiyo mchoro wa nyumba kubwa usiochorwa pamoja na jengo hili naurudisha kwa mwanafunzi, haujakamilika.

Vita vya uhuru vilipoanza mwaka 1775, Isaac Royall wa pili, aliyeegemea upande wa mfalme, alikimbia na hakurudi tena. Alifia Uingereza mwaka 1781. Mwezi Februari 1783 mmoja wa waliokuwa watumwa wake, Belinda, alipeleka ombi kwenye bunge la Massachusetts. Ombi lilieleza kwamba alitekwa Afrika, kando ya mto Volta, kabla hajatimiza miaka 12, na kwamba alitumikia miaka 50 bila kumiliki chochote cha mali ile iliyotokana kwa sehemu na jasho lake. Aliweka alama badala ya saini. Bunge likampangia pauni 15 na shilingi 12 kwa mwaka kutoka mali ya Royall, lakini malipo yalikwama, na mama huyo ikabidi arudi kudai tena na tena.

Wosia wa Royall, kwa upande wake, ulitekelezwa. Ardhi aliyoiachia Harvard ndiyo iliyogharimia kiti cha kwanza cha profesa wa sheria, mwaka 1815, na ngao ya familia yake, yenye miganda mitatu ya ngano, ikawa nembo ya shule ya sheria ya chuo hicho hadi ilipoondolewa mwaka 2016. Makumbusho ya Medford nayo siku hizi yanalitaja jengo la watumwa katika jina lake rasmi.