"Ndege wa kwanza" wa majira ya kuchipua: maana yake, na kwa nini tarehe yake hudanganya

Februari 1913, huko Harpenden, kusini mwa Uingereza, mtaalamu wa wanyama aitwaye Richard Lydekker alikuwa bustanini aliposikia kekeo akiita. Alishtuka. Kekeo, yule ndege anayetaga kwenye viota vya wenzake, kwa kawaida hafiki Uingereza kabla ya Aprili. Akaandika barua kwa gazeti la The Times, nalo likaichapa. Siku chache baadaye ikabidi aandike nyingine, ya aibu: aliyeita hakuwa kekeo. Alikuwa kibarua wa mwashi kwenye nyumba iliyokuwa ikijengwa jirani, bingwa wa kuigiza sauti ya ndege huyo kwa mdomo mtupu.

Kichekesho hicho kina mambo mawili. Kwanza, kinaonyesha jinsi Waingereza wanavyomthamini ndege wa kwanza wa majira ya kuchipua. Mtu aliyebobea katika sayansi hakuona ajabu kukimbilia gazetini kwa sababu ya mlio mmoja. Pili, kinaonyesha kasoro ya dhana yenyewe, na hapo tutarudi.

Watazamaji wa ndege wanaposema "ndege wa kwanza", wana maana ya ndege wa kwanza wa aina fulani ya wahamiaji kuonekana au kusikika mahali fulani, katika mwaka fulani, baada ya baridi kupita. Mbayuwayu wa kwanza wa kijiji hiki. Kekeo wa kwanza wa bonde lile. Siku hiyo huandikwa kwenye daftari, na siku hizi kwenye programu ya simu. Sisi tuliozoea kuhesabu mwaka kwa masika, kipupwe, vuli na kiangazi, tuyaelewe majira ya kuchipua hivi: ni kipindi cha Machi hadi Mei katika nchi za kaskazini, miti iliyokauka kama kuni inapotoa majani tena, wadudu wanatoka, na mchana unarefuka upesi kiasi kwamba mtu anauona ukirefuka wiki hadi wiki. Wadudu ndio wanaomrudisha ndege. Mbayuwayu hula wadudu warukao tu. Wakati wa baridi Uingereza haina cha kumlisha.

Wahamiaji hawafiki wote kwa pamoja. Katikati ya Machi huja wale wa mwanzo: chiffchaff, ndege mdogo wa rangi ya majani makavu aliyepewa jina kwa wimbo wake wa chif-chaf, chif-chaf usiokwisha, na wheatear, ndege wa ardhini mwenye kiuno cheupe kinachomulika anaporuka. Mwishoni mwa Machi mbayuwayu mmojammoja huonekana kusini, ingawa wengi hungoja Aprili. Kekeo hufuata katikati ya Aprili. Teleka, wale weusi wenye mabawa kama mundu, huchelewa hadi mwisho wa Aprili na Mei. Kwa aina nyingi madume hutangulia, wawahi kushika maeneo mazuri ya kujenga kabla majike hayajafika. Kwa hiyo ndege wa kwanza kwa kawaida ni dume lenye haraka.

Wapo pia wanaofika kwa kupitiliza. Upepo wa kusini ukivuma na anga likawa shwari, hudihudi waliokuwa wakienda Hispania au Ufaransa hupita kituo chao na kujikuta pwani ya kusini ya Uingereza. Hudihudi ni yule yule wa kisa cha Nabii Suleiman, mwenye kilemba cha manyoya kichwani. Akitua kwenye bustani ya mtu huko Cornwall, majirani hujaa na darubini zao hadi barabara ikaziba.

Sasa ile kasoro. Tarehe ya ndege wa kwanza si tarehe ndege walipofika. Ni tarehe jicho la mtu lilipokutana na ndege mmoja, na ndege huyo mara nyingi si mfano wa wenzake. Ukiwa na mbayuwayu maelfu njiani, wa kwanza kabisa ni yule wa pembeni, mwenye bahati au mwenye kiherehere. Watazamaji wakiongezeka, tarehe huwahi hata kama ndege hawajabadilika, kwa kuwa macho mengi huona mapema. Ndege wakipungua, tarehe huchelewa hata kama wanafika siku zile zile, kwa kuwa wachache ni vigumu kuwakuta. Halafu kuna Jumamosi na Jumapili, siku ambazo watu wana nafasi ya kutoka. Ndege aliyetua Jumatano huandikwa amefika Jumamosi. Na chiffchaff ana hila ya ziada, maana baadhi yao hawaendi popote, hukaa kusini mwa Uingereza baridi yote. Ukimsikia mapema Machi, je, amerudi au hakuondoka?

Ndiyo maana wataalamu hupenda zaidi tarehe ya wastani, yaani siku ambayo nusu ya ndege wamekwisha kufika. Ni hesabu bora, nakubali. Lakini hakuna mtu aliyewahi kuacha chai yake ikapoa mezani kwa ajili ya wastani.

Isitoshe, tarehe za kwanza zikitunzwa muda mrefu na watu wale wale mahali pale pale, huwa hazina kubwa. Robert Marsham, mwenye shamba huko Stratton Strawless, Norfolk, alianza mwaka 1736 kuandika dalili za majira ya kuchipua: jani la kwanza la mti huu, ua la kwanza la ule, vyura walipoanza kulia, mbayuwayu alipotokea, kekeo alipoita. Dalili 27 kwa jumla. Alifariki mwaka 1797, na ukoo wake ukaendelea na daftari hadi 1958. Elimu hii ya kufuatilia matukio ya maumbile kwa kalenda huitwa fenolojia, na leo daftari za namna hiyo ni miongoni mwa vitu vinavyosomwa na watafiti wa mabadiliko ya tabianchi.

Hapo pana jambo linalotuhusu sisi wa huku moja kwa moja. Ndege wanaokaa karibu wakati wa baridi, tuseme Hispania au Moroko, huweza kuhisi joto likianza na kuondoka mapema. Aliye kusini mwa Sahara hana habari ya hali ya hewa ya Ulaya. Huongozwa zaidi na saa iliyomo mwilini mwake na urefu wa mchana, na hivyo ratiba yake haibadiliki kwa sababu tu Uholanzi kumekuwa na joto. Utafiti uliochapishwa mwaka 2001 kuhusu ndege mmoja mdogo anayezaliana Uholanzi na kukaa Afrika Magharibi wakati wa baridi ulionyesha shida hiyo: viwavi wanaolisha makinda walikuwa wakitokea mapema zaidi, ilhali ndege walikuwa wakiwasili kwa ratiba yao ya zamani. Ni kama mgeni anayefika saa aliyoalikwa, akakuta pilau imeshaliwa.

Watu wa kale hawakujua hata kwamba ndege hawa huja kwetu. Aristotle, ambaye ndiye aliyeandika kwamba mbayuwayu mmoja haleti majira ya kuchipua, aliandika pia kwamba mbayuwayu wengine hujificha mashimoni wakati wa baridi wakiwa wamenyonyoka manyoya. Lile la kwanza alipatia. Mwaka 1822, huko Klütz, Ujerumani, alipigwa korongo aliyerudi na mshale wa Kiafrika umepenya shingoni, karibu sentimita 80; hadi leo yupo, amekaushwa, Chuo Kikuu cha Rostock. Kwa mbayuwayu ushahidi ulikuja kwa pete. Mei 1911 mwanasheria mmoja wa Staffordshire alimvisha mbayuwayu pete mguuni, naye akanaswa Natal, Afrika Kusini, Desemba 1912. Ndege wa gramu 20 hivi, kilomita zinazokaribia 10,000. Na wheatear amewapita: mwaka 2012 watafiti walieleza jinsi vifaa vidogo vilivyofungwa kwenye ndege wa Alaska vilivyoonyesha kwamba hukaa Afrika Mashariki wakati wa baridi, safari ya karibu kilomita 14,500 kwenda tu.

Kwa hiyo wa kwanza wao ni wa mwisho wetu. Mbayuwayu wa Uingereza wengi hupita magharibi, Sahara na Moroko, lakini wapo wa nchi nyingine za Ulaya na Asia wanaojaa kwenye nyaya za umeme kwetu tangu Septemba au Oktoba hadi Aprili. Watofautishe na wenyeji kwa kifua. Mbayuwayu mhamiaji ana koo jekundu kama tofali, na chini yake mkanda wa buluu iliyokolea unaokata kifua kizima. Yule mwenyeji wa madarajani mwenye utosi wa kutu na mkia wa nyuzi mbili nyembamba ni mweupe chini kote. Mtazame mhamiaji Novemba, halafu mtazame tena Machi. Novemba amechakaa, manyoya yamepauka, zile ncha ndefu za mkia zimekatika au zimeng'oka. Anabadilisha manyoya akiwa huku. Kufikia Machi mgongo unang'aa kama shati la sikukuu, na mkia umerefuka. Vazi wanalolishangilia Waingereza limeshonwa kwetu.

Ukitaka kuandika tarehe zako, utagundua ugumu ambao Marsham hakuupata. Wa kwanza humjua papo hapo: jana hakuwapo, leo yupo. Wa mwisho haonyeshi dalili. Anakaa kwenye waya kama wenzake walivyokaa, anajipangusa bawa, anaruka kudaka nzi, anarudi. Inabidi uandike tarehe, kesho uende tena ukaifute, keshokutwa vivyo hivyo, mpaka zipite siku nne tano waya ukiwa mtupu. Ndipo unaporudi nyuma kwenye daftari na kuweka alama kwenye jioni ambayo hukuona kitu cha pekee.