Seckendorff na kitabu cha kuendesha nchi

Wanafunzi wangu wakitaka kujua waanzie wapi kusoma historia ya utawala wa umma Ujerumani, huwaelekeza kwa Veit Ludwig von Seckendorff, ofisa wa serikali na mwandishi wa karne ya 17. Alizaliwa Herzogenaurach mwaka 1626 katika ukoo wa makabaila, Vita vya Miaka Thelathini (1618–1648), vilivyoiteketeza Ujerumani, vikiwa vimepamba moto. Baba yake alikuwa ofisa wa jeshi la Sweden, na mwaka 1642 Waswidi haohao wakamuua huko Salzwedel wakimtuhumu kula njama na adui yao, upande wa Kaisari wa Ujerumani. Kijana akapata mlezi: Ernst, dyuki wa Gotha, aliyepewa lakabu ya Mcha Mungu. Seckendorff alisoma Strasbourg, kisha akarudi Gotha kumtumikia dyuki huyo.

Gotha ilikuwa nchi ndogo iliyochakazwa na vita, na Ernst hakuchoka kuuliza maswali. Kanuni ya shule aliyoitoa mwaka 1642 iliwabana wavulana na wasichana wote kwenda darasani. Hata Uhabeshi alitaka kuujua: mwaka 1652 padri Mhabeshi, Abba Gorgoryos, alifika kasrini kwake, akifanya kazi na Hiob Ludolf, bingwa wa Kigeez, lugha ya kale ya Uhabeshi. Seckendorff alikuwa tayari katika utumishi wa kasri hilo.

Humo ndimo kilimozaliwa kitabu chake, Teutscher Fürsten-Staat (yaani Dola ya Mtawala wa Kijerumani), cha mwaka 1656. Anayetarajia kukuta falsafa ya mamlaka kurasa za mwanzo atashangaa. Seckendorff anataka kwanza nchi yenyewe ielezwe: mipaka imepita wapi, miji na vijiji ni vipi, misitu ipo wapi, wakazi ni wa matabaka gani. Sheria, kanisa na shule vinafuata. Hazina inakuja mwisho, pamoja na mashamba ya mtawala, migodi na ushuru, na hapo ndipo penye hoja ninayoipenda kuliko zote: mtawala aishi kwa mapato ya mali yake. Kodi ni ya haja maalumu, tena mabaraza ya matabaka, yaani wawakilishi wa makabaila, kanisa na miji, yaridhie. Kwa mtu anayelipwa na mtawala huyohuyo, si maneno madogo.

Mwaka 1664 alipandishwa kuwa chansela wa Gotha, na mwaka huohuo akaondoka kwenda kuwa chansela wa Moritz, dyuki wa Saxony-Zeitz, huko Zeitz, alikokaa hadi 1681. Kisha akastaafu shambani kwake Meuselwitz. Kustaafu kwenyewe jina tu, maana huko aliandika historia kubwa ya Ulutheri kumjibu Louis Maimbourg, padri Mkatoliki wa shirika la Wajesuiti aliyeandika dhidi ya Ulutheri, akinukuu madai yake fungu kwa fungu na kuyapangua kwa nyaraka za kale.

Mwaka 1692 mtawala wa Brandenburg alimwita awe chansela wa chuo kikuu kipya cha Halle. Alifariki Desemba mwaka huohuo. Mwaka 1727 Halle ikaanzisha uprofesa wa uchumi na utawala wa dola, na Simon Peter Gasser, wa kwanza kuushika, alifundisha kwa kitabu hichohicho cha 1656.