Tufaha katika Fasihi ya Fantasia: Tazama Mkono Kabla ya Tunda

Kila ninapofundisha taashira, yaani vitu vinavyosimamia maana nyingine, katika fasihi ya fantasia, tunda la kwanza kutajwa darasani ni tufaha, na maana ya kwanza linayopewa ni kishawishi. Maana hiyo ina msingi, lakini ni finyu mno kwa kazi ambayo tunda hili limefanya kwa karne nyingi. Tufaha linaloua katika hadithi moja huponya katika nyingine. Mahali fulani huwapa miungu ujana, na mahali pengine humnyang'anya kijana hamu ya chakula kingine chochote. Msomaji aliyekariri kwamba tufaha ni dhambi atapita juu ya mambo haya yote bila kuyaona. Ninavyosoma mimi, maana ya tufaha katika hadithi hizi haikai ndani ya tunda lenyewe bali katika njia lililopitia hadi kufika kinywani: kama limetolewa, limeibwa, limeaminiwa kwa mtunzaji au limelipwa kama ujira.

Tuanze kwa kuondoa kizuizi kimoja. Kitabu cha Mwanzo hakitaji tufaha katika habari za Edeni. Kinasema tunda la mti, basi. Tufaha liliingia baadaye katika mawazo ya Wakristo wa Ulaya, hata mshairi Mwingereza John Milton, katika utenzi wake Paradise Lost wa mwaka 1667, akaliita kwa jina hilo waziwazi. Kwa hiyo uhusiano wa tufaha na anguko la mwanadamu ni tawi mojawapo la mapokeo yake. Wala si kongwe kuliko yote, kwa maana Wagiriki walikwisha kusimulia matufaha ya dhahabu ya mungu Hera, yaliyolindwa na joka Ladon, muda mrefu kabla ya hapo. Jambo linalonivutia katika kisa hicho ni mwisho wake, ambao husimuliwa kwa nadra: baada ya shujaa Herakles kuyapata na kuyapeleka kwa mfalme aliyemtuma, mungu Athena aliyarudisha bustanini, kwa kuwa haikuwa halali yawekwe mahali pengine popote. Tunda lilichukuliwa, kazi ikahesabiwa kuwa imetimia, lakini umiliki haukuhama.

Kwa nini tufaha, na si tunda jingine? Sehemu ya jibu iko katika mwili wa tunda lenyewe. Ganda lake ni jembamba, linang'aa, na halionyeshi hata kidogo hali ya ndani. Tufaha lililoliwa na funza linaweza kupendeza nje kama lililo zima. Ukilikata kwa upana badala ya kulikata toka kikonyo hadi kitako, vyumba vitano vya mbegu hujipanga kama nyota yenye ncha tano. Mbegu hizo zina amigdalini, kemikali ambayo mbegu zikitafunwa huachia sianidi, ingawa kwa kiasi kidogo kisichomdhuru mtu aliyemeza chache kwa bahati mbaya. Utamu na sumu, basi, vinakaa katika tunda moja kwa asili, na msimulizi hahitaji kubuni sana.

Kuna sifa nyingine, ambayo kwangu ndiyo muhimu zaidi. Mbegu ya tufaha haizai mti unaofanana na mama yake. Anayetaka tunda lilelile hana budi kubebesha, yaani kukata kitawi cha mti anaoupenda na kukiunganisha na shina la mche mwingine. Aina iitwayo Bramley ilitokana na mbegu iliyopandwa mwaka 1809 mjini Southwell, Uingereza, na kila mti halisi wa Bramley uliopo leo ni mwendelezo wa mti ule mmoja, uliohamishwa kutoka shina hadi shina kwa mikono ya watu. Huo ni uhai mrefu unaozidi umri wa mtu yeyote, lakini una sharti: siku mikono itakapoacha kazi, aina hiyo itatoweka pamoja na mti wake wa mwisho.

Ukiwa na jambo hilo akilini, msome Idunn, mungu wa kike wa hadithi za Skandinavia kama mwandishi wa Iceland Snorri Sturluson alivyozikusanya karibu na mwaka 1220. Idunn huweka ndani ya kasha lake matufaha ambayo miungu huyala wanapoanza kuzeeka, nao hurudia ujana. Loki, mungu mjanja, akiwa amebanwa na jitu Thjazi, anamlaghai Idunn atoke nje ya ngome kwa kumwambia kwamba ameona msituni matufaha mengine ya thamani, na anamsihi aje na ya kwake ili ayalinganishe. Ulaghai huu umepangwa kwa ustadi mkubwa. Idunn hashikwi kwa tamaa ya chakula wala ya nguvu. Anashikwa kwa ujuzi wake, kwa shauku ya mtunzaji anayesikia kwamba kuna tunda bora asilolijua. Thjazi anakuja kwa umbo la tai na kumnyakua pamoja na kasha, na miungu wanaanza kuota mvi. Wasomaji wengi huyaita haya matufaha ya kutokufa, lakini hadithi yenyewe inaonyesha miungu wanaoweza kuzeeka kabisa iwapo mtu mmoja hayupo. Uhai wao uko katika mkono wa Idunn unaoyagawa.

Katika ngano ya Snow White, ambayo ndugu Grimm wa Ujerumani waliichapisha kwa mara ya kwanza mwaka 1812, mkono huo umegeuzwa kuwa silaha. Malkia alikwisha kujaribu kumuua binti huyo, Snow White, kwa kamba ya kukazia vazi na kwa kitana chenye sumu, na mbilikimo wanaomhifadhi wamemwonya asimfungulie mtu yeyote mlango. Anapofika na tufaha, binti anakataa. Ndipo malkia anamuuliza kama anaogopa sumu, analikata tunda vipande viwili, na kupendekeza kwamba binti ale upande mwekundu naye ale upande mweupe. Sumu ilikuwa imetiwa kwa ufundi katika upande mwekundu peke yake. Binti anaamini kwa sababu anamwona mwenzake akila. Hakuna tamaa ya kulaumiwa hapa: binti ametumia kipimo cha uaminifu ambacho binadamu yeyote angekitumia, yaani kugawana chakula kimoja, na kipimo hicho ndicho kilichotiwa sumu. Wanaosema kwamba Snow White aliadhibiwa kwa kushawishika wameisoma sentensi ya tufaha wakairuka sentensi ya kisu.

Niongeze kwamba busu la kumwamsha halimo katika maandishi ya ndugu Grimm. Ni maarufu kutokana na filamu ya Walt Disney ya mwaka 1937. Kwa ndugu Grimm, mwili wa binti unatikiswa, kipande cha tufaha kinatoka kooni, naye anafumbua macho. Tunda halikumezwa kamwe. Kwa mtu anayechunguza taashira hilo si jambo dogo, kwa kuwa linaonyesha kwamba zawadi ya uongo haikuwahi kuwa sehemu ya mwili wake.

Mapokeo ya Ireland na Uskoti yana namna nyingine ya kutoa, isiyo ya uadui lakini yenye bei. Katika kisa cha kale cha Connla, mwana wa mfalme Conn, mwanamke wa ulimwengu mwingine anamwita kijana aende naye kwenye nchi isiyo na kifo. Wengine humsikia bila kumwona. Kuhani wa mfalme anapomfukuza kwa nyimbo zake, mwanamke anamrushia Connla tufaha, na kwa mwezi mzima kijana hali wala hanywi kitu kingine, huku tufaha lisipungue hata kidogo. Kinachopungua ni yeye, kwa maana ya mapenzi yake kwa nyumbani. Mwanamke aliporudi, Connla aliruka ndani ya mashua ya kioo na hakuonekana tena. Katika wimbo wa Thomas, mtabiri wa Uskoti, ambao Walter Scott aliuchapisha mwaka 1802, malkia wa ulimwengu huo anampa tufaha kama ujira, nalo litamfanya awe na ulimi usioweza kusema uongo. Thomas analalamika. Ulimi wake ni wake, anasema, na akiwa hivyo hataweza kununua wala kuuza, wala kuzungumza na wakuu. Ninaupenda sana ubishi huu, kwa sababu Thomas ameelewa papo hapo kwamba aliyepokea ujira amekwisha kuingia katika mkataba, hata kama hakuulizwa masharti.

Mwandishi aliyeyakusanya mapokeo haya na kuyafanyia kazi kwa kina kuliko wengine niliowasoma ni C. S. Lewis, katika riwaya ya The Magician's Nephew ya mwaka 1955. Digory, mvulana ambaye mama yake yu mahututi, anatumwa na simba Aslan akalete tufaha kutoka bustani iliyo juu ya kilima cha mbali. Maandishi ya fedha kwenye malango ya dhahabu yanamtaka mgeni aingie kwa mlango na achume kwa ajili ya wengine. Mwizi na mpanda ukuta watapata wanachokitamani, na pamoja nacho watapata kukata tamaa. Ndani Digory anamkuta mchawi Jadis amekwisha kula. Lewis anatusogeza karibu naye: maji ya tunda ni meusi kuliko mtu angetarajia, yameacha doa la kuchukiza pembeni mwa midomo, na uso wake umekuwa mweupe kama chumvi, ilhali ana nguvu na majivuno kuliko awali. Ameshapata maisha yasiyo na mwisho. Tunda halikumdanganya.

Hapo ndipo ukali wa riwaya hii ulipo. Jadis anamwambia Digory aibe tufaha ampelekee mama yake, na Aslan anakiri baadaye kwamba lingemponya kweli, lakini si kwa furaha yake wala ya mwanawe, na ingefika siku ambayo wote wawili wangeona ingekuwa afadhali angekufa katika ugonjwa ule. Nguvu ya tunda haibadiliki hata chembe kati ya wizi na zawadi. Kinachobadilika ni uhai utakaoishiwa baada ya kulila. Digory analeta tufaha aliloagizwa, linapandwa, mti wake unakuwa kinga ya Narnia, nchi ya kubuni ya riwaya hiyo, na kutoka mti huo anapewa tufaha jingine. Lewis haandiki muujiza wa radi na kishindo katika chumba cha mgonjwa. Anamwandika mvulana anayelimenya tufaha, kulikata, na kumlisha mama yake kipande kimoja kimoja.

Mama yake Lewis, Flora, alifariki kwa saratani mwaka 1908, mwandishi akiwa na umri wa miaka tisa. Sisemi kwamba riwaya ni wasifu wake. Nasema kwamba mtu aliyejua kitanda cha mgonjwa namna hiyo alikuwa na kila sababu ya kuandika tunda linaloponya bila sharti, na hakufanya hivyo. Uamuzi huo nauheshimu kila ninapoisoma sura ile, nami naona ni ukatili kuufupisha kuwa mafundisho juu ya utii.

Mwandishi Philip Pullman, ambaye ameukosoa ulimwengu wa Narnia hadharani na kwa maneno makali, alikusudia kuugeuza mwelekeo huu katika The Amber Spyglass ya mwaka 2000. Kwake, kujua na kupenda kimwili ni mwanzo wa ukomavu, si anguko, na tukio la bustani linarudiwa ili libarikiwe. Tunda lake ni dogo na jekundu, halina jina, na limetoka katika chakula cha safari walichofungiwa Lyra na Will, vijana wawili wa riwaya hiyo. Hakuna lango, hakuna joka, hakuna katazo. Hata hivyo, Pullman alipofika kwenye tendo lenyewe, hakuwaacha vijana hao wale kila mmoja kwa wakati wake. Lyra analitwaa tunda, moyo ukimwenda mbio, na kulisogeza taratibu hadi kinywani mwa Will. Mwandishi aliyeupinga msimamo wa Lewis kuhusu Edeni amekubaliana naye kuhusu mkono, na mabadiliko yote yanayofuata katika ulimwengu wa riwaya yake yanaanzia hapo. Lau Will angejichukulia tunda mwenyewe na kulila, ukurasa ule ungekuwa na vijana wawili waliopumzika njiani wakala chakula chao, na riwaya ingelazimika kuitafuta Edeni yake mahali pengine.