DPSK: kinachobeba ujumbe ni badiliko, na dhana potofu zinazozaliwa hapo

Mtu aliyezoea saa ya Kizungu akikuambia "tuonane saa mbili", huwezi kujua moja kwa moja kama anamaanisha asubuhi watu wanapofungua maduka au mchana jua likiwa kali. Saa ya Kiswahili na ya Kizungu zimeachana kwa saa sita, yaani nusu ya duara la saa, nyuzi 180 kamili. Mtu huyohuyo akisema "nakuja baada ya saa tatu", utata umekwisha. Hesabu kwa saa unayoitaka, mshale utasogea kiasi kilekile.

Kila ninapofundisha DPSK (differential phase-shift keying), njia ya kutuma biti kwa tofauti kati ya wimbi la sasa na lililotangulia, naanzia kwenye saa hii, kwa sababu tatizo la kipokezi cha redio ni hilohilo. Wimbi kibebaji huzunguka kama mshale, na mahali lilipo kwenye mzunguko wake ndipo panapoitwa fezi (vitabu vingine huandika awamu). Katika BPSK ya kawaida, njia ya fezi mbili isiyo ya tofauti, fezi moja ni biti 0, na fezi iliyo kinyume chake, nyuzi 180 mbele, ni biti 1. Kipokezi kinahitaji kujua juu ya saa ni wapi, na hakuna anayekiambia. Wimbi limecheleweshwa njiani kwa kiasi kisichojulikana. Njia moja maarufu ya kujijengea wimbi la rejea ni kuzidisha ishara kwa yenyewe ili biti zifutike libaki wimbi kibebaji peke yake. Hasi mara hasi ni chanya, na chanya mara chanya ni chanya, kwa hiyo zoezi hilohilo linalofuta biti linafuta pia habari ya upande upi ni upi. Kipokezi kikibahatisha vibaya, ujumbe wote unageuka: kila 0 inasomwa 1, na kila 1 inasomwa 0.

DPSK inakwepa mtego huo kwa kuweka ujumbe kwenye hatua ya mshale kutoka simboli moja (kipande cha wimbi chenye fezi moja) hadi nyingine. Wazo hili ni jepesi, lakini limezalisha kutoelewana kwingi, hata kwa watu waliokwisha kufanya mitihani yake.

"Katika DPSK, nyuzi 0 ni sifuri na nyuzi 180 ni moja"

Hili ndilo kosa ninaloliona zaidi kwenye madaftari. Dawa yake ni kalamu na karatasi. Tukubaliane kwamba biti 1 inamaanisha "geuza fezi" na biti 0 inamaanisha "iache ilivyo". Tutume 1 0 1 1 0. Kwanza tunatuma simboli moja ya kuanzia isiyo na ujumbe, tuseme iko nyuzi 0. Biti ya kwanza ni 1, tunageuza: 180. Ya pili ni 0, tunabaki: 180. Ya tatu ni 1: tunarudi 0. Ya nne ni 1: 180. Ya tano ni 0: 180.

Zilizoruka hewani ni 0, 180, 180, 0, 180, 180. Angalia simboli zenye nyuzi 180: ya kwanza ilibeba 1, iliyofuata ilibeba 0. Fezi ni ileile na ujumbe ni tofauti, kwa hiyo fezi peke yake haisemi kitu.

Sasa zigeuze zote kana kwamba kipokezi kimeshika saa ya upande wa pili: 180, 0, 0, 180, 0, 0. Soma hatua zake: imegeuka, imebaki, imegeuka, imegeuka, imebaki. Ni 1 0 1 1 0, bila biti hata moja kupotea. Mwanafunzi akifika hapa kwa mkono wake mwenyewe, mara nyingi hahitaji maelezo mengine.

Kwa kuwa tumetuma simboli sita kwa biti tano, wapo wanaohofu kwamba DPSK inakula nafasi. Simboli ya ziada ni moja tu mwanzoni mwa mfululizo. Biti 1,000 zinahitaji simboli 1,001.

"Simboli moja ikiharibika, kila kitu baada yake kinaharibika"

Hofu hii ina mantiki usoni: kama kila biti inategemea iliyotangulia, kosa si litaendelea kama domino? Turudi kwenye karatasi ileile. Tuseme kelele imeipindua simboli ya nne, ile ya nyuzi 0, ikasomwa 180. Kipokezi kinaona 0, 180, 180, 180, 180, 180, na kinasoma 1 0 0 0 0. Linganisha na 1 0 1 1 0 tuliyotuma: biti ya tatu na ya nne zimekosewa, ya tano iko salama. Kila simboli inashiriki katika ulinganisho mara mbili tu, mara moja ikilinganishwa na iliyo nyuma yake, na mara moja ikiwa kipimo cha inayofuata. Baada ya hapo haina kazi tena.

Kwa hiyo makosa katika DPSK hupenda kuja mawilimawili. Anayebuni msimbo wa kusahihisha makosa lazima alijue hilo, maana msimbo unaotegemea makosa yaliyotawanyika hautafurahia jozi zinazofuatana.

"Kipokezi cha DPSK hakihitaji ulinganifu wowote na mtumaji"

Kisichohitajika ni fezi kamili ya wimbi kibebaji. Kujua simboli inaanzia wapi na inaishia wapi bado ni lazima, na masafa ya kipokezi yanatakiwa kuwa karibu sana na ya mtumaji. Masafa yakipishana, mshale unajisogeza wenyewe kidogo kati ya simboli na simboli, na msogeo huo unajumlishwa kwenye hatua tunayoisoma.

Hapa kuna jambo linalowashangaza wengi. Mfumo wa polepole ndio unaoumia zaidi. PSK31, iliyobuniwa na Peter Martinez kwa ajili ya wapenzi wa redio za masafa mafupi, hutuma simboli 31.25 kwa sekunde. Kipokezi kikikosea masafa kwa hezi 1 tu, kila hatua inapotoka kwa nyuzi 11.5. Kikikosea kwa karibu hezi 8, upotovu unafika nyuzi 90, na hapo kubaki na kugeuka havitofautiki tena. Bluetooth hutuma simboli milioni moja kwa sekunde, na kwake kosa la kilohezi 10 ni nyuzi 3.6 tu. Kasi inapunguza muda ambao mshale unaweza kupotea.

PSK31 inatupa pia funzo la ulinganifu wa muda. Humo biti 0 ndiyo inayogeuza fezi, na mtumaji asipokuwa na la kusema hutuma sifuri mfululizo. Mawimbi yanaendelea kugeukageuka, na kipokezi kinapata mapigo ya kufuata hata kama mwenzake hajabonyeza kitufe chochote.

"DPSK inapoteza nusu ya nguvu ukilinganisha na BPSK"

Chanzo cha dhana hii ni hoja inayoonekana haina tundu. Kipokezi cha DPSK kinalinganisha simboli yenye kelele na simboli nyingine yenye kelele, kwa hiyo kelele ni mara mbili, na mara mbili ni desibeli 3. Kwa DPSK ya biti moja kwa simboli, hoja hiyo si kweli. Uwezekano wa biti kukosewa ni nusu ya namba e (2.718 hivi) iliyopandishwa kwenye hasi ya uwiano wa nishati ya biti kwa kelele. Ukitaka biti moja ikosewe katika kila 100,000, BPSK inahitaji uwiano wa desibeli 9.6, na DPSK inahitaji 10.3. Tofauti ni robo tatu ya desibeli, yaani nishati ya ziada ya takriban asilimia 19.

Hoja ya desibeli 3 inasahau kwamba uamuzi unafanywa kwa simboli mbili kwa pamoja. "Zote sawa" na "ya pili kinyume" ni maumbo mawili yasiyofanana hata chembe, na kila moja lina nishati ya simboli mbili. Nishati hiyo ya ziada inafidia sehemu kubwa ya hasara.

Faida hiyo hupungua idadi ya fezi inapoongezeka. DPSK ya fezi nne hugharimu takriban desibeli 2.3 zaidi ya ndugu yake asiye wa tofauti, na ukizidi kuongeza fezi unaisogelea ile 3. Kwa hiyo anayesema "nusu ya nguvu" hajakosea kila mahali, ila mfumo anaoutolea mfano kwa kawaida ndio hasa usiohusika.

"Ukiona vituo vinane kwenye mchoro, kila simboli imebeba biti tatu"

Mchoro wa fezi za π/4-DQPSK, aina mojawapo ya DPSK, una vituo vinane, yaani fezi nane ambazo mshale unaweza kusimama, lakini kutoka ulipo unaruhusiwa kwenda vinne tu: hatua ya nyuzi 45 au 135, mbele au nyuma. Chaguo nne ni biti mbili. Vituo ni vinane kwa sababu ya kubadilishana zamu kati ya makundi mawili ya vinne. Mpango huu una hekima. Mshale haupiti kamwe katikati ya duara, kwa hiyo nguvu ya wimbi haishuki hadi sifuri na kikuza ishara hakisumbuki sana. Tena hakuna hatua ya nyuzi 0, kwa hiyo hata ujumbe wa biti zinazojirudia una mapigo ya kufuata. Redio za TETRA, zinazotumiwa na polisi na zimamoto katika nchi nyingi, zimejengwa juu yake: simboli 18,000 kwa sekunde, biti 36,000.

Bluetooth hutumia hiyohiyo kwa kasi ya megabiti 2 kwa sekunde, na kwa megabiti 3 huingia 8DPSK, ambayo kweli ina biti tatu kwa simboli.

"Kila chenye msimbo wa tofauti kinapokewa kwa njia ya tofauti"

Redio ya gari inapoandika jina la kituo cha FM kwenye kioo chake, ni kazi ya RDS: biti 1,187.5 kwa sekunde zilizopandishwa juu ya kilohezi 57, zikiwa zimewekewa msimbo wa tofauti. Kipokezi chake kwa kawaida hujenga wimbi la rejea kama kile cha BPSK, kinaamua kila simboli kivyake, ndipo kinalinganisha biti. Msimbo upo ili kumaliza ule utata wa nyuzi 180 tu. Kugundua kwa tofauti ni jambo lingine, ambapo simboli ghafi ya zamani ndiyo rejea ya mpya. Watu wawili wanaweza kubishana kuhusu DPSK siku nzima bila kujua kwamba kila mmoja anazungumzia kimojawapo.

"Ni teknolojia ya zamani"

Ya zamani ni kweli. Kineplex ya kampuni ya Collins Radio iliitumia kwenye masafa mafupi katika miaka ya 1950. Kiwango cha kwanza cha Wi-Fi cha 1997 kilituma megabiti 1 kwa DPSK ya fezi mbili na megabiti 2 kwa ya fezi nne, na ruta nyingi za gigahezi 2.4 bado zinatangaza jina la mtandao wake kwa ile megabiti 1.

Lakini Desemba 2021 NASA ilirusha LCRD, mtambo wa kuwasiliana na dunia kwa leza, na DPSK ni mojawapo ya lugha zake, kwa takriban biti bilioni 1.2 kwa sekunde. Katika kupokea DPSK ya mwanga, mwali hugawanywa njia mbili, na njia moja hufanywa ndefu kwa biti moja kamili, kisha mianga miwili hukutanishwa. Kwa kasi hiyo, biti moja angani ina urefu wa sentimita 25 hivi, pungufu kidogo ya rula ya shule. Mwanga uliotangulia unazungushwa umbali huo wa ziada, mwenzake anaufikia, na kama fezi zao zinalingana mwanga unatokea mlango mmoja. Kama zimepingana unatokea mlango wa pili.