Mwimbaji aliyejifungua arudi lini madhabahuni?

Jumamosi moja ya Julai, mwezi ambao baridi ya Nakuru hupasua midomo, soprano wetu wa kutegemewa, mwimbaji wa sauti za juu katika kwaya ya kanisa letu, aliingia mazoezini akiwa na mtoto wa siku 19. Vigelegele vililia. Mchungaji akasema Bwana asifiwe, huyu ndiye mama mwenye moyo wa huduma. Mimi nilikuwa safu ya alto, ya wanawake wa sauti za chini, nyuma yake kidogo, nikaona kitu ambacho walio mbele hawakukiona: kila wimbo ulipopanda, mkono wake wa kushoto ulishuka polepole ukabana tumbo chini ya kitovu. Alikuwa amejifungua kwa upasuaji. Tulipofika kiitikio cha tatu gauni lilikuwa limelowa maziwa kifuani. Akavuta leso juu, akaendelea kuimba. Mtoto alikuwa amelazwa juu ya viti viwili vilivyounganishwa, hatua tatu kutoka kwenye spika.

Mimi ni muuguzi mkunga. Nimefanya kazi wodi ya uzazi na kliniki ya mama na mtoto hapa Nakuru kwa miaka 16, na kwaya nimeimba kwa muda mrefu kuliko huo. Watoto wangu wote wawili wamezaliwa nikiwa kwenye huduma. Kuna swali ambalo dada waimbaji huniuliza kliniki wakishusha sauti, kana kwamba wanatubu: "Sista, naweza kurudi kuimba lini?" Huwa nawaambia wasisimame kuimba kabla ya wiki 6. Aliyepasuliwa angoje zaidi, mpaka mshono ukaguliwe. Na wakirudi, warudi kwa zamu.

Kwa nini wiki 6? Watu hudhani sauti inatoka kooni, kwa hiyo wanaona mama aliyezaa hana cha kumzuia, maana koo halikuzaa. Lakini mwimbaji yeyote aliyefundishwa anajua sauti inashikiliwa kutoka chini. Mimba inapokua husukuma juu diaframu, ule msuli wa kupumulia ulio chini ya mapafu, kwa sentimita 4 hivi, na mbavu hupanuka ili mama apate hewa. Misuli ya mbele ya tumbo hutanuka, na kwa wengi huachana katikati kama zipu iliyofunguka. Mji wa mimba wenyewe huwa na uzito wa karibu kilo 1 mtoto anapotoka, nao huchukua wiki 6 hivi kusinyaa hadi chini ya gramu 100. Hayo yote yanaendelea ndani ya mwanamke ambaye nje anaonekana amependeza na sare imemkaa.

Sasa mwambie huyo mama ashikilie noti ndefu ya juu. Ili hewa isimwishie, atabana tumbo, na presha yote itashuka kwenye misuli ya sakafu ya nyonga, misuli ile ile iliyobeba mtoto miezi tisa kisha ikanyooshwa kupita kiasi siku ya kuzaa. Hapo ndipo mkojo huvuja. Waimbaji hawalisemi hili, lakini kliniki nimelisikia mara nyingi mno: anaimba amebana mapaja, au anavaa pedi Jumapili tu na si siku nyingine. Dada yangu, huo si udhaifu wako wa kiroho wala si jambo la kuzoea. Kaza misuli ya chini kana kwamba unazuia mkojo, hesabu hadi 5, achia, rudia mara 10, na ufanye hivyo asubuhi, mchana na jioni. Unaweza kuifanya ukinyonyesha. Ukiona miezi mitatu imepita na bado unavuja, rudi kliniki useme wazi. Na aliyepasuliwa asibebe kitu kizito kuliko mtoto wake kwa wiki 6 za kwanza. Nasema hivi kwa sababu nimewaona akina mama wenye mshono wakisaidia kupakia spika kwenye pikapu baada ya ibada, vijana wakiwa wamesimama pembeni na simu.

Koo nalo lina habari yake. Wakati wa mimba nyuzi za sauti huvimba kidogo kwa sababu ya homoni, na kiungulia cha usiku huzichoma. Baada ya kuzaa homoni hushuka ghafla, koo linakauka, na usingizi hakuna. Soprano anafika kwenye noti aliyoizoea anakuta haipo. Anasukuma kwa koo kwa kuwa tumbo halimsaidii, na baada ya Jumapili mbili amekauka sauti kabisa. Noti hizo hurudi, ila huchukua miezi. Kwa wakati huo mlete alto. Sisi huku chini tuna nafasi, na hakuna aibu yoyote mtu kubadilisha safu kwa muda.

Halafu kuna maziwa. Mtoto mchanga hunyonya mara 8 hadi 12 kwa saa 24, usiku na mchana, na miezi 6 ya kwanza hahitaji kingine, hata maji. Mazoezi yetu huanza saa nane mchana na kuisha saa kumi na moja. Saa tatu nzima! Kwa mtoto wa mwezi mmoja hiyo ni kunyonya mara moja na pengine mbili, na maziwa yasiyotolewa hayakusubiri wewe umalize maombi ya kufunga. Titi hujaa, huwa gumu, hupata joto na kuwa jekundu, kisha homa inakuja kwa kasi kama ya malaria.

Hili la homa silisimulii kwa kusikia. Mtoto wangu wa kwanza alipokuwa na wiki nne, kiongozi wa kwaya niliyokuwamo wakati huo aliniambia solo yangu ingepewa mwingine kama singekuja kwenye kesha la Ijumaa, kwa sababu nafasi haingoji mtu. Nilikwenda. Nilikuwa mkunga tayari, najua yote ninayowaandikia hapa, na bado nilikwenda, kwa kuwa niliogopa kusahauliwa. Saa nane za usiku nilikuwa natetemeka ndani ya shuka kwenye chumba cha nyuma, titi la kulia kama jiwe, mtoto nyumbani akilia kwa mama mkwe. Wiki iliyofuata nilikuwa kwenye dawa. Solo yenyewe ilipewa mwingine hata hivyo. Ndiyo maana jambo hili linanigusa.

Wanaorudi baada ya wiki 6 nawaambia hivi: mnyonyeshe kabla ya kupasha sauti moto, na kila baada ya saa moja toka ukanyonyeshe, hata kama wimbo uko katikati. Ukimwacha mtoto nyumbani, kamua maziwa kwa mikono safi ndani ya chombo safi chenye kifuniko. Yatakaa saa 4 nje ya friji mahali pasipo joto, na siku 4 ndani ya friji. Hapa Nakuru saa hizo 4 hazina shida, lakini waimbaji wa Kisumu wasizitegemee mchana wa jua kali. Wayaweke maziwa kwenye friji au chombo chenye barafu. Anayebaki na mtoto ampe kwa kikombe kidogo na kijiko badala ya chupa, maana chupa ni ngumu kuisafisha na humfanya mtoto asahau titi.

Jambo linaloniumiza zaidi ni masikio. Kanisa letu ni la mabati, na mabati hayamezi sauti, huirudisha. Siku ile ya Julai nilifungua programu ya kupimia sauti kwenye simu, nikaishika pale mtoto alipolala. Ilisoma zaidi ya desibeli 95 wakati wa kiitikio. Simu si kifaa cha maabara, ila inatosha kukuonyesha hatari iko wapi. Wataalamu wa usalama kazini humruhusu mtu mzima kukaa kwenye desibeli 85 kwa saa 8, na kila desibeli 3 zinapoongezeka muda huo hukatwa nusu: 88 ni saa 4, 91 ni saa 2, na ukifika 100 umebaki na dakika 15. Hiyo ni hesabu ya mtu mzima. Njia ya sikio la mtoto mchanga ni ndogo mno, kwa hivyo sauti kali nyembamba, za matoazi na za maiki ikipiga mluzi, humfikia kwa nguvu kuliko zinavyotufikia sisi. Naye hawezi kuziba masikio wala kuondoka. Wakati mwingine hulala fofofo katikati ya kelele na watu wanasema ameguswa na upako. Mtoto hulala hata pale sikio lake linapoumia.

Kwa hiyo mtoto asiwekwe mbele ya spika wala pembeni yake. Awe nyuma kabisa, karibu na mlango, au chumba kingine chenye mtu wa kumshika. Pamba usimtie sikioni. Vifunika masikio vya watoto vinasaidia kama vinamkaa vizuri. Na fundi wa mitambo ni ndugu yetu, mwambieni ateremshe. Wetu aliteremsha tulipomwonyesha simu, na kanisa likagundua kwamba sasa maneno ya nyimbo yanasikika.

Nikija kwa viongozi wa kwaya, nitasema wazi zaidi. Sheria ya Ajira ya Kenya ya 2007 inampa mama aliyeajiriwa likizo ya miezi 3 yenye mshahara kamili, na baba wiki 2. Sheria ya Afya ya 2017 inawataka waajiri watenge mahali pa kunyonyeshea kazini. Karani wa ofisi amepewa hayo na serikali. Sisi tunaoimba habari za upendo tunampa mwimbaji wetu nini? Mara nyingi tunampa pongezi kwa kurudi haraka, na pongezi hizo ndizo zinazomrudisha kabla hajapona.

Someni tena 1 Samweli sura ya kwanza. Hana alimpata Samweli, na wakati wa safari ya kila mwaka ya kwenda Shilo ulipofika, Elkana na nyumba yake wakapanda. Hana hakupanda. Alimwambia mumewe atangoja hadi mtoto aachishwe kunyonya, naye Elkana akakubali afanye aonalo kuwa jema. Huyu ni mwanamke ambaye alikuwa amelia hekaluni na ambaye nadhiri yake ilikuwa haijatimizwa bado. Alikaa nyumbani na kunyonyesha. Wimbo wake mkuu uko sura ya pili, baada ya kuachisha. Na kwa wanaosema huduma haina zamu, 1 Mambo ya Nyakati 25 inawahesabu waimbaji wa Daudi: 288, katika makundi 24 ya watu 12 kila moja, na wakapigiwa kura za zamu. Hakuna kundi lililoimba kila siku ya mwaka.

Waume waimbaji, nina neno nanyi. Mpiga kinanda anapata mtoto Jumanne, na Ijumaa yuko kwenye kesha, Jumamosi mazoezini, Jumapili ibada mbili, wiki inayofuata mkutano wa injili huko Kericho. Mkewe, ambaye pia ni mwimbaji, yuko nyumbani na ndoo ya nguo za mtoto. Watu wanasema mume ametumika kweli kweli. Mimi nasema Elkana alimsikiliza mkewe. Kama nyumba ina watumishi wawili, Jumapili hii aimbe mmoja, ile aimbe mwingine, na siku ambayo mke anaimba, mume ndiye amshike mtoto kule nyuma karibu na mlango. Si yaya, si nyanya. Yeye.

Kuna mama mwingine ambaye hatarudi wiki ya 6, na wala si kwa sababu ya tumbo. Siku za kwanza baada ya kuzaa wengi hulia bila sababu, na hali hiyo kwa kawaida hupita ndani ya wiki 2. Isipopita, ikiwa halali hata mtoto akilala, haonji chakula, hamtazami mtoto, au anakwambia nyimbo zimemkauka na Mungu amemnyamazia, huyo anaumwa. Mwombeeni, na mumpeleke kliniki. Akitaja kujidhuru au kumdhuru mtoto, ni siku hiyo hiyo. Vivyo hivyo akitokwa na damu nyingi, akipata homa, au maumivu makali ya kichwa na macho kuona ukungu: shinikizo la damu la uzazi linaweza kumpata mama hata wiki kadhaa baada ya kujifungua.

Nyumbani, kuimba hakujakatazwa. Imba kwa sauti ya chini, umekaa, mtoto kifuani. Anakujua. Mwaka 1980 watafiti wawili wa Marekani, Anthony DeCasper na William Fifer, walionyesha kwamba watoto wa siku chache tu hubadilisha jinsi wanavyonyonya chuchu bandia ili wasikie sauti ya mama yao badala ya ya mwanamke mwingine. Yale mazoezi yote uliyoyafanya ukiwa na mimba, aliyasikia.

Soprano wetu tulimrudisha nyumbani. Akina mama wa kwaya walipeleka njahi, uji wa wimbi na sabuni, wakafua, na hawakuketi kupiga soga hadi jioni. Alirudi wiki ya 14, siku chache baada ya mtoto kuchanjwa, akasimama mwisho wa safu ya alto, upande wa mlango, kando yangu. Aliimba nyimbo mbili. Ya tatu ilipoanza mtoto alilia kule nyuma, akatoka, na hakuna aliyegeuka kumtazama.